Mwenye Haki ya Kupima Mafunzo

Je, mafunzo ya afya yapimwe kwa aliyefunzwa, au kwa yule aliyekusudiwa kuokolewa? Swali hili laweza kuonekana kuwa la waganga, si la walimu wa lugha. Lakini sisi tunaosahihisha mitihani kila muhula twalijua vema: mwanafunzi huweza kupata alama zote naye asiwe ameelewa kitu.

Tuitazame pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, waliko ndugu zetu Wamwani na wasemaji wa Kiswahili wa Palma. Mwaka 1978 Msumbiji ilianza kuwafunza wanavijiji kuwa wahudumu wa afya. Vita vikaudhoofisha mpango huo, ukafufuliwa mwaka 2010. Mafunzo ya namna hii aghalabu hupimwa kwa maswali kabla ya somo, na maswali yale yale baada yake. Alama zikipanda, wafadhili huridhika.

Hatuzidharau alama. Maji ya kumnywesha mwenye kuharisha hutaka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1. Mhudumu akizidisha chumvi, humdhuru mtoto aliyekuja kumponya.

Lakini kujua ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Kwa Kireno, klorini ni cloro, na kipindupindu ni cólera. Mbele ya mtu asiyekijua Kireno, dawa na maradhi huwa kitu kimoja. Kaskazini ya Msumbiji wamekuwapo, kwa miaka mingi, watu walioamini kwamba watiao dawa kisimani ndio waletao ugonjwa, na wahudumu wameshambuliwa. Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, mashua iliyojaa watu waliokimbia Lunga kwa uvumi wa kipindupindu ilizama ikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Walikufa karibu watu 100, wakiwamo watoto wengi. Hao hakuna karatasi ya mtihani iliyowauliza neno.

Wengine watasema huo ni ujinga wa wanakijiji. Hatukubali. Mtu ambaye serikali humjia mara chache ana haki ya kuuliza kwa nini leo imemjia na ndoo ya dawa, na jibu lilipaswa kuwamo ndani ya somo, kwa Kimwani au Kimakua chake.

Liko na zito zaidi. Tangu Oktoba 2017, vita vilipozuka Mocímboa da Praia, zahanati nyingi zimeharibiwa, na watu kwa mamia ya maelfu wamehama. Mpimaji huenda palipo na njia salama, akarudi na hesabu za waliofikika, nazo zikasomwa kana kwamba ni za wote. Je, ni halali? Kwa maoni yetu si halali, hata ikiwa kila tarakimu ni ya kweli.

Tungependa mpimaji arejee baada ya mvua, aketi barazani kwa mama mmoja, amwombe achanganye maji yale ya chumvi na sukari, kisha amwulize kama alimwogopa mhudumu. Na asikoweza kufika, aandike jina la kijiji, mbele yake aache nafasi tupu.