Mikono Iliyowekwa Mara ya Pili
(Marko 8:22-26)



Twasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama aona kitu. Yule mtu hakuficha neno: aliona watu, lakini sura zao zalikuwa kama za miti. Bwana hakumkemea, wala hakumwacha aende hivyo. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona vyote wazi.

Twawaletea neno hili kwa ajili ya ndugu zetu waliopasuliwa moyo. Zamani moyo ulikuwa kiungo ambacho tabibu aliogopa kukifungua. Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia, Marekani, daktari John Gibbon alimpasua moyo msichana wa miaka 18, huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu, naye akapona. Katika nchi yetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na wengi wamepata msaada huko. Twamshukuru Mungu.

Lakini mara nyingine mtu hurudi kwetu kovu la kifua limekwisha kufunga, na akili haijarudi yote. Siku za kwanza baada ya kupasuliwa, wengine, na hasa wazee, huchanganyikiwa, hata huona vitu visivyokuwapo. Watu wa nyumbani hunong'ona kwamba ni pepo au uchawi. Sivyo, ni ubongo uliotikiswa na ugonjwa, dawa na kazi ile kubwa, na mara nyingi hali hiyo hupita. Wengine hubaki na usahaulifu kwa miezi. Mwaka 2001 matabibu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 261 waliopasuliwa kwa ajili ya mishipa ya moyo. Walipotoka hospitali, 53 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa na nguvu ya kukumbuka na kufikiri; baada ya miezi sita walikuwa 24 katika kila 100. Basi wako wengi waliorudishiwa nguvu hiyo, ila kwa muda.

Nasi tuna kosa la kuungama mbele yenu. Mzee mmoja wa kanisa alirudi kwetu baada ya kupasuliwa. Jumapili ya kwanza alisimama kusoma Neno, akapotea katikati ya mstari, akanyamaza kitambo. Vijana walitazamana. Sisi, tukidhani twamhurumia, tulimpa mwingine kazi ile bila kumwuliza. Mzee hakulalamika. Alihamia kiti cha nyuma, kisha akakaa nyumbani. Mwishowe mkewe alitujia jioni akasema, "Mchungaji, kila asubuhi aniuliza kama yeye bado ni mzee wa kanisa." Ndipo tulipojua aliyekuwa kipofu. Sisi ndio tuliomtazama mtu tukaona mti.

Tulikwenda kwake tukamwomba radhi. Tangu siku ile, kila jioni alisoma kwa sauti mistari mitatu pamoja na mjukuu wake, kisha walifunga kitabu, naye akamsimulia aliyoyasoma. Mitatu ikawa sita. Baada ya miezi kadhaa alisimama tena mbele ya usharika akasoma zaburi fupi. Hasomi kwa wepesi wa zamani, lakini asoma.

Kwa hiyo, ninyi walimu na wazee, mwendeapo mgonjwa wa namna hii, fanyeni hivi. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja, wala msimmalizie maneno yake. Mpeni daftari aandike kazi za siku na majina anayoyasahau. Mzoezeni kukumbuka na kuhesabu, kidogo kidogo, kila siku. Tembeeni naye kwa kadiri aliyoruhusiwa na daktari, na mwacheni apate usingizi wa kutosha. Shinikizo la damu, sukari na tumbaku huumiza mishipa ya ubongo pia. Basi asiache kupimwa, na tumbaku aiache kabisa.

Tena, aliyewekewa vali ya chuma hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu isigande siku zote za maisha yake, na kupimwa damu kama alivyoagizwa. Akiisahau, damu yaweza kuganda na kumletea kiharusi. Akiimeza mara mbili, yaweza kumtoka damu nyingi. Kwake usahaulifu si jambo la kuchekwa. Ni hatari ya kufa. Awepo mtu mmoja wa nyumbani wa kumkumbusha saa ile ile na kutia alama daftarini. Na uso ukipinda ghafula, mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, msingoje hata ibada iishe: mpelekeni hospitali.

Matabibu wameweka mikono yao mara ya kwanza, na kazi yao ni njema. Mara ya pili Bwana aweza kutumia mikono yetu, ya mke, ya mjukuu, ya mwalimu wa kijiji. Yeye aliyemwongoza kipofu kwa mkono hakumharakisha. Nasi tusimharakishe ndugu yetu. Amina.