Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Neno la msingi: Nehemia 3:1–32. Tafadhali soma sura yote katika Biblia yako kabla ya kuendelea.



Jumapili tulipofungua sura hii, niliona baadhi yenu mkifunua kurasa za mbele kuangalia inaishia wapi. Nawaelewa. Ni sura ya majina. Fulani alijenga hapa, baada yake fulani, baada yake tena fulani. Hakuna bahari inayogawanyika wala moto unaoshuka kutoka mbinguni. Lakini Roho Mtakatifu aliona vyema majina hayo yahifadhiwe mpaka yatufikie sisi, kwa sababu kila jina ni mtu aliyeacha shughuli zake akaenda kubeba mawe kwa ajili ya mji.

Nimelichagua Neno hili kwa sababu ya swali ambalo nimeulizwa mara kadhaa sasa, na vijana na pia watu wazima. Dada mmoja alinijia baada ya ibada akasema, "Pasta, nimealikwa kwa klabu ya huduma hapa mjini. Wanazibua mitaro, wanatoa damu, wanapimisha wazee macho. Moyo wangu unapenda. Lakini wenzangu wananiambia hiyo ni Freemason, na wengine wanasema kama nataka kutumika, nitumike kanisani. Niende ama nisiende?"

Hilo ni swali la maana, na halijibiwi kwa uvumi. Tulijibu kwa Neno.

1. Ukuta ulijengwa na watu wa kila kazi

Angalia mstari wa 1. Wa kwanza kutajwa ni Eliashibu, kuhani mkuu. Watumishi wa madhabahu hawakubaki wakiwaombea wengine washike mawe, waliinuka wakajenga. Mstari wa 8 una mfua dhahabu na mtengenezaji wa marhamu, watu wa vidole laini. Mstari wa 12 una Shalumu na binti zake. Mstari wa 32 una wafanyabiashara. Na mstari wa 14, huo naupenda sana: Lango la Jaa, mahali takataka za mji zilipopitia, lilitengenezwa na Malkiya, ambaye alikuwa kiongozi wa mtaa mzima. Mheshimiwa alichagua lango lenye harufu. Hebu mwambie jirani yako, "Malkiya alikuwa mheshimiwa!"

Sasa, hizi klabu za huduma zilianzaje? Rotary ilianza Chicago, Marekani, mwaka wa 1905. Mwanasheria aitwaye Paul Harris aliwaita wenzake wachache wa kazi tofauti tofauti wakae pamoja. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule, na hapo ndipo jina lilipotoka, na lile gurudumu mnaloliona kwenye alama yao. Halina siri nyingine. Lions nao walianza mji huo huo mwaka wa 1917, na wanajulikana zaidi kwa kazi ya macho. Rotary ilifika Nairobi mwaka wa 1930. Leo klabu hizi zote mbili zipo hapa Eldoret.

Na jambo la kutufanya tutabasamu: Rotary ilifungua milango kwa wanawake duniani kote mwaka wa 1989. Binti za Shalumu walikuwa wameshashika mawe zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya hapo. Akina mama, semeni amina!

2. Kila mmoja alianzia mbele ya nyumba yake

Soma mstari wa 10, wa 23, wa 28 na wa 29. Neno linarudia: huyu alijenga kuelekea nyumba yake, na yule vivyo hivyo. Kisha mstari wa 30 unamtaja Meshulamu. Yeye hatuambiwi habari ya nyumba. Tunaambiwa alijenga kukielekea chumba chake. Chumba kimoja! Na ukirudi mstari wa 4 utamkuta Meshulamu huyo huyo akijenga sehemu nyingine. Mtu wa chumba kimoja alijenga mara mbili.

Wengi wetu hapa West Indies ni wapangaji. Tuna ugonjwa mmoja, tuseme ukweli. Mtaro ukiziba tunasema, "Hiyo ni kazi ya kaunti." Taa ya ngazi ikiungua, "Hiyo ni ya landilodi." Mzee wa nyumba ya pili akikosa kuonekana siku tatu, "Ana watoto wake." Tunaishi kama wasafiri wanaongoja matatu.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Kutoka Sisibo ya zamani mpaka jiji! Lakini cheti cha jiji hakizibui mtaro. Karatasi na chupa ninazotupa hapa, mvua ikinyesha zinashuka mpaka mto Sosiani, na kuna mtu huko chini anayeteka maji hayo au kunywesha ng'ombe wake. Huyo ni jirani yangu hata kama sijawahi kumwona.

Kaunti ina kazi yake na tuidai ifanye. Tunalipa kodi. Lakini Meshulamu hakungoja.

3. Vipi kuhusu nira?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mnaniuliza juu ya 2 Wakorintho 6:14, pale Paulo anapotukataza kufungwa nira pamoja na wasioamini. Andiko hilo ni kweli na silipunguzi hata kidogo. Lakini lisome mpaka mwisho wa sura uone Paulo anazungumzia nini: hekalu na sanamu, ibada. Mtu huyo huyo, katika 1 Wakorintho 5:9–10, anafafanua kwamba hakumaanisha tujitenge na watu wote wa dunia, kwa maana ingebidi tuhame duniani. Wewe unafanya kazi ofisi moja na watu wasiomjua Bwana. Unapanda bodaboda bila kumuuliza dereva kama ameokoka. Mbona nira inakumbukwa siku ya kuzibua mtaro tu?

Wengine wataniambia, "Pasta, Nehemia aliwakataa Sanbalati na Tobia." Ndiyo, 2:20. Aliwakataa kwa sababu walichukizwa mtu akitafuta heri ya mji, na walidhihaki kazi. Lakini soma 2:8. Mbao za malango zilitoka wapi? Zilitoka katika msitu wa mfalme Artashasta, mfalme wa Uajemi, ambaye hakuwa wa agano la Israeli. Nehemia aliomba barua, akapewa, akasema ni mkono mwema wa Mungu. Malango ya mji mtakatifu yalisimama kwa mbao za mfalme wa mataifa, na Mungu hakuona aibu.

Kwa hiyo tupime, tusiogope. Ukialikwa mahali popote, uliza maswali manne:

Je, nitaapishwa kiapo chochote?
Je, kuna jambo ambalo siwezi kumwambia mume wangu, mke wangu au mchungaji wangu?
Je, nitatakiwa kuabudu au kumkana Bwana?
Je, pesa zinahesabiwa wazi?

Ukikuta kiapo cha siri, toka, na usirudi hata kuchukua mwavuli. Lakini Rotary na Lions hazina kiapo cha siri, na hazimwambii mtu aache imani yake. Utakaa meza moja na Mkatoliki, Mwislamu na Mhindu. Hawajakualika kuabudu pamoja nao. Wamekualika mchimbe pamoja.

Angalia matunda pia. Mwaka wa 1985 Rotary ilianza kampeni ya kupiga vita polio duniani. Serikali, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wahudumu wengi wa kujitolea waliungana, nyumba kwa nyumba, na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Mtoto aliyedondoshewa matone mdomoni hakuulizwa dhehebu la mama yake. Hakuna mkristo anayehitaji kuogopa kazi ya namna hiyo.

4. Sisi wa Eldoret tuna sababu yetu

Sasa nitasema jambo zito, na nitalisema polepole. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, si mbali na hapa, watu walikimbilia ndani ya kanisa la Assemblies of God wakitafuta usalama. Kanisa likachomwa. Wengi waliokufa walikuwa akina mama na watoto. Baadhi yenu mnaosoma mlikuwa Eldoret siku hizo. Mnajua Uwanja wa Maonyesho ulivyojaa mahema.

Katika siku hizo wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walibeba majeruhi, wakagawa chakula na mablanketi, wakatafuta watoto waliopoteana na wazazi. Walikuwa watu wa makabila yetu haya haya. Mtu alimfunga jeraha mtu ambaye lugha ya mama yao haikuwa moja. Ndiyo habari ya Luka 10, ya yule Msamaria, ikitendeka barabarani kwetu.

Sisemi kwamba mtaro uliozibuliwa pamoja ungeuzima moto ule. Waliouwasha watajibu mbele za Mungu. Ninasema hivi: tulikuwa tukikaa ploti moja, tukiombea maji na chumvi, na bado wengi wetu hatukujuana. Tulijuana kabila. Tukisubiri siku ya shida ndipo tutafute jirani, tumechelewa. Mji unajengewa ukuta wakati wa amani, na unajengwa na mikono inayotokwa jasho pamoja Jumamosi asubuhi. Uchaguzi utakuja tena. Kila baada ya miaka mitano unakuja. Ni nani leo, asiye wa kabila lako na asiye wa kanisa lako, ambaye ana nambari yako ya simu na anaweza kukupigia usiku?

5. Jihadhari na shingo za wakuu wa Tekoa

Mstari wa 5 una aibu moja. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinamisha shingo. Hatuambiwi walikuwa wagonjwa. Waliona kazi ni ndogo kwao. Na watu wao wa kawaida, mstari wa 27, wakajenga sehemu ya pili.

Shingo ngumu ina sura nyingi. Kuna anayejiunga na klabu kutafuta tenda na urafiki wa wakubwa. Kuna anayeshika jembe mpaka picha ipigwe, halafu analirudisha. Mathayo 6:1–4 inamhusu. Kuna anayehudumia mji mzima na nyumbani watoto hawajala. Huyo aanze kwake. Na kuna sisi watu wa kanisa, tunaotaka kila msaada uwe chambo. Tunampa mama unga, kabla hajashukuru tunamuuliza Jumapili atakuja. Wapendwa, Bwana aliponya wakoma kumi, na tisa hawakurudi. Hakuwanyang'anya uponyaji. Mpe unga. Akiuliza kwa nini, mwambie habari za Yesu kwa furaha, na ukweli wote. Asipouliza, unga ni wake.

6. Basi tufanye nini?

Dada yetu nilimjibu, "Nenda. Nenda ukiwa umeokoka, na rudi utuambie wanahitaji nini." Ada yao kama huimudu, waambie wazi, kazi nyingi hazihitaji uwe mwanachama kushika fagio. Hata ukiwa na Jumamosi moja tu kwa mwezi, itoe hiyo.

Kutoa damu hakuhitaji kadi ya klabu yoyote. Kama una miaka kati ya 16 na 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema, unaweza kutoa. Shule zikifungwa damu hupungua, kwa sababu wanafunzi ndio watoaji wakubwa, na pale Hospitali ya Rufaa ya Moi akina mama wanajifungua Desemba kama mwezi mwingine wowote. Sisi tunaohubiri kila wiki juu ya damu iliyotuokoa, tusikose kwenye foleni hiyo.

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52 (6:15). Watu wachovu, wenye adui nje na njaa ndani, siku 52. Kila mmoja na kipande chake.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kupita jirani zetu kama wageni. Inamisha shingo zetu. Tupe kipande chetu cha ukuta na nguvu ya kukimaliza, katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

Mbele ya mlango wako kuna kazi gani ambayo umekuwa ukisema ni ya mtu mwingine?
Taja majina ya majirani watano wasio wa kanisa letu. Kama hufiki watano, utafanya nini juma hili?
Someni Nehemia 3 kwa sauti, kila mtu mistari minne. Ni mjenzi gani anayefanana na wewe, na kwa nini?