Je, Fundi Mkamilifu Huiacha Saa Yake?

Mnamo Novemba 1715, mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alimwandikia barua Caroline, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, akimlalamikia Isaac Newton na wafuasi wake. Kwa madai yao, alisema, ulimwengu ni saa ambayo Mwenyezi Mungu hana budi kuitia ufunguo mara kwa mara isije ikasimama, na hata kuisafisha na kuitengeneza. Kwa Leibniz hiyo ilikuwa dharau. Fundi anayerudi kila mara kwenye kazi yake ameonyesha kwamba hakuifanya vizuri tangu mwanzo.

Mwaka huohuo, katika kijiji cha Barrow huko Lincolnshire, seremala wa miaka 22 aitwaye John Harrison alitengeneza saa ambayo karibu sehemu zake zote zilikuwa za mbao. Hakuwa mwanafalsafa, lakini mikono yake ilikuwa ikihangaika na swali lilelile: je, kazi inaweza kukamilika kiasi cha kutomhitaji tena mtu yeyote?

Mbao haitulii. Hewa ikiwa na unyevu huvimba, ikikauka husinyaa, na hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa kufuata nyuzi zake. Gurudumu lililokatwa kwenye ubao mmoja hupoteza umviringo wake taratibu, na yale meno ambayo nyuzi zimeyapita kwa upana hukatika upesi. Harrison alichonga meno ya mwaloni katika vipande vya pekee, akavipachika pembezoni mwa gurudumu ili nyuzi za kila jino zielekee nje, upande wenye nguvu.

Hata hivyo, yeyote anayeunganisha saa ya mbao anajua kwamba siku ya kuipaka vanishi si siku ya kuagana nayo. Kabla ya hapo amezungusha kila gurudumu kwa kidole, akasikiliza linapokwama, akapiga msasa jino linalogusa kupita kiasi. Vanishi au nta hupunguza kasi ya unyevu kuingia, haiuzuii. Saa ikishaanza kwenda, kuna nati chini ya pendulamu: ukiupandisha nayo uzito wa pendulamu, saa huharakisha; ukiushusha, huchelewa. Majira yakibadilika, mkono hurudi kwenye nati.

Takriban mwaka 1722 Harrison alikamilisha saa ya mnara kwenye mazizi ya farasi ya Brocklesby Park. Mafuta ya saa ya zama zile yaliganda na kunasa vumbi, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya matengenezo. Basi akatumia mbao ngumu ya lignum vitae, mti wa maeneo ya Karibi wenye mafuta yake yenyewe, ili sehemu zinazosuguana zisihitaji kupakwa kitu. Saa hiyo ingali inakwenda baada ya karne tatu. Mwaka 1884 ilisimamishwa kwa muda mfupi ili ikarabatiwe. Lakini saa inayoendeshwa na uzito unaoshuka haijitii ufunguo. Mtu lazima aupandishe tena.

Hapa ndipo hoja ya Leibniz inapohitaji kuchambuliwa. Samuel Clarke, kasisi aliyemtetea Newton, alimjibu kwamba fundi binadamu husifiwa kwa saa inayokwenda bila yeye kwa sababu hakuziumba nguvu zinazoiendesha, alizipanga tu. Mungu ndiye chanzo cha nguvu hizo, kwa hiyo uangalizi wake wa daima ni utukufu wake. Leibniz naye alifafanua kwamba hakukana kuwa ulimwengu unahifadhiwa na Mungu. Alichokana ni kwamba unahitaji kukarabatiwa. Walibadilishana barua tano kwa tano, hadi Leibniz alipofariki Novemba 1716.

Ufafanuzi huo ni wa haki, lakini unaidhoofisha kejeli yake mwenyewe, maana kutia ufunguo na kukarabati si jambo moja. Harrison alipambana na ukarabati maisha yake yote, ila mkono wa mtunzaji aliukaribisha ndani ya mpango. Katika saa zake za baadaye aliweka kifaa kinachoendelea kusukuma magurudumu wakati saa inatiwa ufunguo, ili isipoteze hata sekunde. Fundi anayefanya hivyo hakuona utunzaji kuwa kasoro. Aliuhesabu kuwa sehemu ya saa.

Karne sita kabla ya Leibniz na Harrison, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza hukumu na kadari ya Mungu kwa mfano wa saa ya maji inayojulisha nyakati za sala. Kuna aliyeipanga, kuna vyombo vilivyotengenezwa, na kuna tundu lililopimwa ili maji yatoke kwa kiasi. Kila kitu kimekadiriwa. Lakini al-Ghazali huyohuyo, alipoulizwa dua ina faida gani ikiwa kadari haibadiliki, alijibu kwamba dua yenyewe imo ndani ya kadari, kama ngao ilivyo sababu ya kuzuia mshale. Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1710 juu ya haki ya Mungu, alifika karibu na hapo: maombi ya watu yalijulikana tangu awali, yakatiwa maanani ulimwengu ulipochaguliwa.

Ikiwa ni hivyo, mkulima anayeomba mvua hamwelezi Mungu kwamba kazi yake imeharibika. Ombi lake lina nafasi iliyoandaliwa, kama ule mkono unaopandisha uzito kule Brocklesby. Kinachobaki kigumu ni kwamba saa haiumii jino lake linapovunjika, ilhali mkulima anaumia mvua isiponyesha, na jibu la al-Ghazali linamtaka aendelee kuomba hata hapo.