Maji Mahali Pasipofika Jua

JUMANNE

Soma Ayubu 28:1–11. Mwanadamu hufanya nini ili kuyapata yaliyofichwa gizani?

Ijumaa, Oktoba 9, 2009, roketi tupu yenye uzito wa zaidi ya tani 2 iliugonga Mwezi kwa makusudi. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliielekeza kwenye shimo kubwa liitwalo Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ambako kuna sehemu zisizopata jua kamwe, na baridi yake ni zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Nyuma ya roketi hiyo kilifuata chombo kidogo, LCROSS. Kilikuwa na dakika nne hivi tu za kulipima vumbi lililorushwa na kutuma taarifa duniani, kabla hakijaanguka nacho.

Huko magharibi mwa Marekani watu waliamka kabla ya alfajiri wakatazama kwa darubini, kwa kuwa walitarajia kuona wingu la vumbi likipanda. Hawakuona kitu. Runinga nazo hazikuonyesha wingu lolote, na wengi walivunjika moyo.

Lakini vipimo vilikuwa vimeona. Novemba 13 ilitangazwa kwamba katika vumbi lile kulikuwa na maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kilo 155 hivi za mvuke na barafu, yaani karibu madumu manane ya lita 20, na kwamba udongo wa mahali pale una maji kiasi cha asilimia 5.6. Mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo yalikuwa yamewafanya wataalamu wengi waamini kwamba Mwezi ni mkavu. Tena haikuwa maji tu. Zilionekana pia amonia, zebaki, hata fedha.

Ayubu naye anaanza sura ya 28 na fedha. Anamwonyesha mwanadamu akishuka gizani, akipasua miamba, na kuleta nuruni kilichositirika. Ayubu hakuwa akizungumza juu ya Mwezi, na si vema kulilazimisha fungu lake liseme hivyo. Hata hivyo anaisifu kazi ya namna hiyo bila kuionea wivu. Ndipo katika fungu la 12 anageuka na kuuliza hekima itapatikana wapi. Vilindi vinajibu kwamba haimo ndani yao.

Anayeuliza swali hilo ni baba aliyezika watoto kumi (Ayubu 1:2, 18, 19). Hakuna chombo cha kushuka katika giza la namna hiyo na kurudi na jibu.

Soma Ayubu 4:7, 8 na 8:4. Rafiki zake walieleza namna gani mateso yake?

Walikuja kwa nia njema, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13). Huenda hizo ndizo siku walizomsaidia zaidi. Walipofungua vinywa, walihukumu kwa yale waliyoyaona kwa nje: hasara, vidonda, makaburi. Wakasema kwamba ndani yake lazima mna dhambi. Bildadi alithubutu hata kumwambia baba aliyefiwa kwamba watoto wake walistahili. Waliotazama Mwezi alfajiri ile walikosea kuhusu vumbi, na baada ya wiki tano wakasahihishwa. Rafiki za Ayubu walikosea kuhusu mtu aliye hai, naye akayasikia maneno yao yote.

Katika Ayubu 28:23, 24 Mungu ndiye anayeijua njia ya hekima, kwa sababu Yeye huona hata miisho ya dunia. Ayubu bado hajaambiwa kwa nini watoto wake walikufa, na hata sura ya mwisho haimwambii. Lakini katika Ayubu 42:7 Mungu anasema ni nani aliyenena vema juu Yake. Si wale waliokuwa na maelezo.

Mshiriki aliyefiwa na mtoto ameacha kuja kanisani. Darasa likienda kumtembelea, ni maneno gani litayaacha nyumbani, nalo litakuwa tayari kuketi naye kwa muda gani?