Kuingia kwa Nia ya Kutoka

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakiisha kutangazwa, wazazi huja barazani petu pamoja na watoto wao, nao huuliza neno moja: Aombe masomo gani apate kuingia Chuo Kikuu? Ni wachache waulizao atafanya kazi gani akiisha kutoka humo.

Alikuja baba mmoja na kijana wake, aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, akapata D tatu. Katika hesabu ya vyuo vyetu vya Tanzania A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Basi kijana alikuwa na alama 6. Kwa shahada nyingi zatosha alama 4 za masomo mawili. Bali kwa udaktari wa binadamu yatakiwa masomo yale yote matatu, wala lisiwepo lililo chini ya D. Kijana amefika kizingitini, lakini kizingiti si kiti. Kila kozi ina idadi yake ya nafasi, na wenye alama nyingi hutwaliwa kwanza. Kwa hiyo mwenye 6 aweza kubaki nje, hali mwenye 4 ameketi ndani ya chuo kile kile katika kozi nyingine. Wazazi wengine hudhani huo ni upendeleo. Sivyo, ni wingi wa watu katika mlango mmoja.

Baba akasema, "Mchungaji, aandike ualimu wa sayansi. Huko ataingia, hata mkopo atapata upesi. Akiisha kuwa ndani, atahamia udaktari." Kijana alinyamaza, akitazama viatu vyake.

Je, shauri hili ni udanganyifu? Si jambo jepesi. Fomu haimwulizi mtu moyo wake, wala haimwapishi. Yaliyoandikwa humo yote ni kweli. Tena kubadili masomo si kosa. Martin Luther alianza kusoma sheria huko Erfurt mwaka 1505, kama baba yake alivyotaka, na mwaka uo huo akayaacha akaingia utawani. (Baba yake alikasirika sana, nasi tulio wazazi twamwelewa.)

Lakini yeye aingiaye kwa nia ya kutoka amekikalia kiti ambacho mwingine, apendaye kufundisha, angekikalia. Na asipoweza kuhama, maana kuwa ndani hakuongezi alama zake wala nafasi za udaktari, ataishia darasani. Hilo ndilo lituhuzunishalo zaidi, kwa kuwa watoto hawakushiriki katika shauri lile. Sisi wenyewe tulifundishwa hesabu miaka miwili na mtu wa namna hiyo. Hakutupiga, wala hakuchelewa. Ila kila juma alitukumbusha kwamba pale hapakuwa mahali pake. Hata leo hesabu za sharika hutusumbua.

Wala hatusemi mtu asitazame mlango ulio wazi. Mtoto wa maskini ana haki ya kuutazama. Tulimwuliza kijana, "Mwanangu, udaktari usipofunguka kamwe, waweza kusimama mbele ya watoto miaka thelathini pasipo kuwadharau?"

Akajibu, "Baba Mchungaji, sijui."

Jibu hilo lilitupendeza kuliko ndiyo ya haraka. Tukamtuma kwa mwalimu mmoja rafiki yetu, katika shule ya kata, akae siku tatu nyuma ya darasa. Baba alinung'unika kwa ajili ya nauli, tena siku za kuomba zilikuwa karibu kwisha.

Siku ya nne kijana alirudi peke yake na karatasi ya machaguo. Udaktari ulikuwa wa kwanza, ingawa alijua tumaini lake ni dogo. Wa pili ulikuwa ualimu wa Kemia na Baiolojia. Kisha akatuuliza kama twajua kwa nini shule ile haina mwalimu wa Kemia.