Ardhi ya Wafu, Ardhi ya Walio Hai

Kiswahili nilijifunzia kambini Kakuma, kwa hiyo niliporudi Juba jina la Hai Malakal lilinichekesha. Katika Kiarabu cha Juba "hai" ni mtaa. Lakini mtaa huo una makaburi ya zamani, na watu hai wameishi humo.

Walikuwa watu waliorejea nyumbani wakati wa uhuru wa 2011, kisha waliokimbia vita vya Desemba 2013. Walikosa viwanja, wakajenga vibanda katikati ya makaburi. Wengi husema hiyo ni kufuru. Mimi nauliza, mama anayemkinga mwanawe na mvua amemkosea nani? Marehemu haunguzwi na moto wa jiko.

Hata hivyo, hoja yangu mwenyewe hainitoshi. Kaburi ni ahadi tuliyompa mtu asiyeweza tena kutudai, na ahadi ya aina hiyo ni rahisi mno kuivunja. John Garang, aliyefariki 2005, ana kaburi la taifa katika jiji hilihili, na hakuna anayethubutu kupika pale. Basi heshima tunayoidai kwa maskini wa Hai Malakal tunampa nani bila kuombwa?

Ndugu wa babu yangu amezikwa huko. Tulipokwenda kumzuru, mama mmoja alisogeza sufuria yake, akafagia, akatuelekeza msalaba wenyewe. Jina lilikuwa limefutika. Yeye alilikumbuka.