Hesabu ya Matendo na Maji ya Ziwa



Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia katika nyumba za kando ya maji, mama mmoja mjane, mwuza dagaa karibu na Kibirizi, alipoteza chumba chake na vichanja vyake vya kuanikia. Alinijia analia. Nami, niliyewafundisha walimu miaka mingi, nikamwambia, "Mama, jichunguze moyoni. Mungu hapigi bure." Hakunijibu. Tangu siku ile sijamwona ibadani.

Niliyadhani maneno yale ni ya Kikristo. Baadaye nilianza kusoma habari za Wahindu, ambao wamelifikiri jambo hili tangu zamani sana, nao huliita karma, maana yake tendo. Hufundisha kwamba tendo halipotei. Humzalia mtendaji matunda, katika maisha haya au katika mengine atakapozaliwa tena. Waalimu wao huigawa hesabu hiyo mafungu matatu: sanchita, limbikizo la matendo yote ya zamani, prarabdha, sehemu iliyokwisha anza kuzaa, na agami, ile tunayoiandika leo kwa mikono yetu. Sisi hatukubali habari ya kuzaliwa mara nyingi. Lakini kwamba uovu humrudia aliyeutenda, Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia jambo la namna hiyo, na hapa Ujiji hata mtoto atakuambia malipo ni hapa hapa duniani.

Ugumu huanza tunapoisoma hesabu kinyumenyume. Kusema "ukitenda uovu utaumia" ni neno moja. Kusema "umeumia, basi ulitenda uovu" ni neno jingine kabisa. Chuoni nilizoea kuwaambia wanafunzi: mvua ikinyesha ua hulowa; lakini ukikuta ua umelowa, huenda mtu amemwaga ndoo. Nilifundisha hivyo, kisha mimi mwenyewe nikasahau.

Hata wakubwa wamejikwaa hapo. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko la ardhi liliua maelfu ya watu huko Bihar, India. Gandhi akasema ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga watu walioitwa wasioguswa. Nia yake ilikuwa njema. Lakini Tagore, mshairi wao mkuu, alimpinga waziwazi: mambo ya ardhi yana sababu zake za ardhi. Gandhi hakubadili neno lake, ila alilichapa jibu la Tagore katika gazeti lake mwenyewe, jambo ambalo ni wachache kati yetu tungelifanya. Mimi nauliza tu: tetemeko lilipobomoa vibanda, je, liliwaruka hao waliotengwa?

Ziwa letu nalo lina sababu zake. Maji yake hutokea mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Karne ya 19 mlango wa mto huo uliziba na ziwa likapanda. Mnamo 1878 ulizibuka, likashuka sana. Na kabla ya mafuriko ya 2021 mvua zilikuwa kubwa mno.

Tena kumbukeni waliopitishwa Ujiji katika minyororo kwenda Tabora na pwani. Ikiwa kila aumiaye analipa deni, basi hao walikuwa wadeni, na mwenye mnyororo alikuwa mkusanya madeni tu. Sikubali.

Zamani nilikuwa na jirani Mhindu, mwuza vitambaa. (Ile methali ya Baniani na kiatu chake sikuipenda tangu nilipomfahamu.) Nilimwuliza kuhusu kipofu aliyeketi barazani pake: je, alikosa nini? Akacheka. "Mwalimu, daftari lake sijapewa kulisoma. Nimepewa langu, na leo nisipompa chakula nitaandikiwa mimi." Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza swali langu lile lile, na Bwana hakumtaja mkosaji, wala yule kipofu wala wazazi wake.

Nimesikia yule mama amepanga chumba Gungu. Jumamosi nitakwenda kumwomba radhi, kama atanifungulia mlango.